Bwana Tena Alipokaa Mstari wa Mbele

Jumapili, Nachingwea. Mwezi wa Novemba. Mawingu yamesimama tangu asubuhi na hayataki kunyesha. Joto limebana kama kifuniko cha sufuria.

Nimekunywa chai ya tangawizi. Niandike leo leo, maana nikiacha mpaka wiki ijayo nitakuwa nimeshaanza kuyapamba mambo.

Jana alasiri nilicheza mchezo wangu katika ukumbi wa wafanyakazi, na mtu niliyekuwa nikimwigiza aliingia akakaa mstari wa mbele.

Miaka ile mradi wa karanga ulipokuwa umepamba moto, matrekta yakinguruma na Wazungu wamejaa hapa kama kumbikumbi, alikuja mmoja wa kupiga picha za sinema. Jina lake nimelisikia mara moja tu. Sisi tulimwita Bwana Tena, kwa sababu hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua vizuri. Ukipita mbele ya kamera yake na mtungi kichwani, "Tena!" Ukicheka, "Tena!" Wapo waliompenda, kwa kuwa sinema zake zilionyesha nyuso zetu. Wapo waliosema anatupeleka Ulaya tukiwa wajinga tupu. Mpaka leo ukimtaja kwenye kahawa, watu hugawanyika na sauti hupanda.

Mimi nina sababu yangu.

Alikwenda Nkowe akitafuta mama mwenye mtoto mgongoni. Akamchagua dada yangu Somoe. Siku ya kupiga picha, mtoto wake Mwanahawa, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, aliamka na homa. Dada alikwenda hivyo hivyo, kwa sababu Bwana Tena alikuwa na gari, na gari lile lingeweza kuwafikisha hospitali ya hapa Nachingwea. Alipofika aliomba. Aliomba kwa Kimwera, maana Kiswahili chake kinamkwama akiwa na hofu. Akaambiwa apite kwanza mbele ya kamera, aelekee kwenye kibanda kilichojengwa kuwa cha mganga. Akapita. Tena. Akapita. Tena.

Jua lilipozama gari liliondoka bila wao. Alfajiri Mwanahawa alikufa kwa degedege.

Halafu gari la sinema likaanza kuzunguka. Kwenye kitambaa cheupe akaonekana Somoe akitembea na mtoto, na sauti kwenye kipaza ikisema: tazameni mama mjinga, anampeleka mtoto kwa mganga badala ya hospitali. Ruangwa sokoni wakaanza kumwita Mama Mjinga. Ndugu wa mumewe walipolichoka jina hilo, walimrudisha kwetu, hapo hapo Nkowe, na vyombo vyake.

Hiyo ndiyo sababu yangu.

Mchezo niliutunga peke yangu na ninaucheza peke yangu. Wanawake ninaowafundisha kushona hapo ukumbini wanajua ninavyoweza kuiga watu. Tangu utoto nilikuwa nikichapwa kwa hilo. Navaa kaptula na kofia pana ya jua. Nasimamisha debe juu ya fito tatu, hiyo ndiyo kamera. Fundi mmoja wa reli hunipigia kinanda cha kuvuta, nami naimba kwa sauti ya puani:

*Geuka huku, mama, jua linazama,
sikutaki wewe, nataka picha njema.*

Watu hucheka mpaka wanapiga meza. Kisha, polepole, nawanyang'anya kicheko.

Jana watu walikuwa wamejaa, wanaume wakisubiri dansi, wanawake upande wa mlango. Dada Somoe alikuwa miongoni mwao. Alikuja kutoka Nkowe kuuona mchezo kwa mara ya kwanza, kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimemwomba ruhusa tangu nilipoanza kuutunga. Alinijibu neno moja: "Sawa." Sikujua lina uzito gani.

Nikiwa nyuma ya pazia nafunga mkanda wa kaptula, akaja Bwana Klementi, msimamizi wa ukumbi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Hadija, yupo. Amerudi. Anataka kupiga picha Ruangwa keshokutwa, watu wakitazama sinema yake. Ameambiwa kuna mchezo unaomhusu, amekuja kutazama."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye na mkalimani wake. Cheza ule wa mke wa mpishi, mwanangu. Huu uache. Ukiniharibia, hata darasa lako la kushona sitaweza kulitetea."

Nilichungulia. Alikuwa amezeeka. Shingo imekonda ndani ya kola, mvi zimemjaa. Pembeni yake alikaa Bwana Ausi, mkalimani wake tangu miaka ile, Mmwera mwenzetu. Nikamtazama dada kule mlangoni. Alikuwa ameshamwona. Hakuondoka.

Basi nami nikatoka.

Sijui nieleze vipi kumwiga mtu anayekutazama. Kila nilipoinua mkono, nilimwona akiujua kuwa ni wake. Mwanzoni alicheka, tena kwa nguvu kuliko wote, na watu wakaona wamepewa ruhusa, wakacheka naye. Bwana Ausi alikuwa akimnong'oneza sikioni maneno yangu. Nilizidi kumchukia Mzungu yule kwa kucheka vizuri.

Nikafika mahali pa mama. Nikavua kofia, nikajifunga khanga, nikapiga magoti mbele ya debe, nikasema kwa Kimwera kisha kwa Kiswahili: "Bwana, mtoto anakufa, tupeleke hospitali kwa gari." Nikaruka upande wa pili, nikavaa kofia, nikampungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. "Tena!"

Nikaona midomo ya Bwana Ausi imesimama.

Bwana Tena alimgusa kiwiko. Alitaka kujua ninasema nini. Ausi akatazama sakafu. Akamgusa tena, kwa nguvu. Hapo nilipaswa kuendelea kuimba, lakini kinanda nacho kilikuwa kimekoma, na nikabaki nimesimama na kofia ya watu kichwani.

Bwana Ausi akainuka. Hakumgeukia bwana wake. Aligeukia mlango, kwa wanawake.

"Mama Mwanahawa," alisema, "maneno yako sikuyafikisha."

Wanawake wakageuka kumtazama dada.

"Ulisema mtoto anakufa. Mimi nilimwambia mtoto ana usingizi tu. Bwana alikuwa na hasira tangu asubuhi, jua linamkimbia, na wenzangu wawili alishawafukuza. Nikajisemea, picha zikiisha haraka, gari litawapeleka hospitali. Hazikuisha haraka."

Bwana Tena naye alikuwa amesimama, anataka kuelezwa. Na hapakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Kwa hiyo Bwana Ausi alilazimika kuyatafsiri maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha shule tu, lakini kilitosha kusikia kwamba safari hii hakupunguza kitu. Nilimwona yule mzee akiwa mweupe, halafu mwekundu, halafu akashika kiti.

Akasema kitu kifupi. Ausi akakitafsiri: "Anasema angejua angempeleka. Anaapa."

Nikahisi mchezo wangu wote unamwagika. Nimemfanya mnyama mbele ya mji mzima, kumbe hakujua? Nilitaka sakafu inimeze.

Ndipo dada akaja mbele. Alitembea taratibu katikati ya viti na watu wakavuta miguu kumpisha. Alisimama karibu na yule Mzungu kiasi cha kumgusa. Akaongea Kimwera, wala hakupaza sauti. Bwana Ausi alitafsiri mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, jasho linamtiririka.

"Mwambie, macho alikuwa nayo. Siku ile hakuna mtu aliyemtazama mwanangu kuliko yeye. Mimi alikuwa mgongoni, simwoni. Yeye alikuwa akimwona kwenye kioo chake, karibu, mchana kutwa. Sasa aseme. Aliona usingizi?"

Bwana Tena alitazama kofia niliyovaa, akatazama debe langu. Kisha akaondoka bila kuchukua kofia yake mwenyewe kwenye kiti.

Dansi halikupigwa.

Leo baada ya adhuhuri Bwana Ausi alipiga hodi hapa kwangu, alikofikia dada. Hakutaka kuketi, alisimama uani kama mtu aliyeletwa na polisi. Alisema sinema ile haitaonyeshwa Ruangwa kesho. Bwana ameitoa kwenye gari mwenyewe, kapakia nyingine ya kilimo cha ufuta. Lakini zipo nakala nyingine huko mbali, na hizo si zake tena, ni za serikali, hana mamlaka nazo. Bwana Ausi mwenyewe ameacha kazi. Alisema haya akitazama miguu ya dada.

Dada alimletea maji kwenye kikombe. Akayanywa, akaondoka.

Bwana Klementi naye ametuma neno: ukumbini nisikanyage tena na kofia ile, na nikicheza kokote kwingine, nihesabu darasa la kushona limekufa. Ninalipenda lile darasa. Nililia kidogo jikoni, nikasingizia moshi.

Kesho watu wa Ruangwa wananingojea uwanja wa soko; tulishapatana kabla ya haya yote kwamba nitawachezea. Nilimwambia dada kwamba sitakwenda. Nikamwambia mchezo wenyewe ulikuwa na uongo ndani, na kwamba hata mimi nilimpanga mtu mbele ya kamera nikamtia sauti niliyoitaka.

Alikuwa akichambua mchicha. Hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo utengeneze," alisema. "Soko lile ndilo lililonipa jina. Nataka wausikie ukweli kwangu na kwako. Na umwingize Ausi, mdogo wangu, kama alivyosimama jana. Lakini usimfanye jini. Ni mtu, aliogopa."

"Na wewe je, dada?"

"Mimi nitakaa mbele."

Basi nitakwenda, darasa life likitaka kufa. Kuna lori la mihogo linalotoka asubuhi na dereva amekubali kutubeba wote wawili.

Nimekuwa nikijaribu hapa chumbani tangu alasiri. Bwana Tena ananijia kwa urahisi, hata sasa baada ya kumwona amekonda. Dada nampata kwa kunyamaza. Lakini kila ninapomwiga Bwana Ausi, sauti inatoka na meno. Nasema, "mtoto ana usingizi tu," na ninasikia kabisa kwamba namtukana.

Dada anaweza kumpa maji. Mimi nitaweza, ifikapo kesho, kuogopa kama alivyoogopa Ausi?