Afande Anayetafuta Nyumba za Kupangisha

Wafula, mzee mwenzangu, Bungoma hamjambo?

Jua sasa mimi ni tajiri wa nyumba sita za kupangisha hapa Uganda, mjini Jinja. Uongo! Sijanunua hata mlango. Situlii: nikiwa Jinja nawaza Mbale, nikifika Mbale nawaza Jinja.

Kule Mafubira, Jinja, niligonga milango niwaulize wapangaji kama nyumba ni nzuri. Kusikia Kiswahili changu, ambacho huku ni lugha ya jeshi, wakadhani mimi mwanajeshi. "Nzuri sana, Afande!" Na dari linanitonea kichwani!

Leo niko Mbale, mvua inapiga, nakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga kwa mama mmoja mpangaji, chini ya mlima Wanale. Nilipomsimulia ya Jinja, kanicheka: "Mwanajeshi gani na tumbo hilo? Mzee, hii usinunue. Maji ya mlimani yanalala nasi kitandani." Basi moyo unaegemea Mbale, kwa watu wasioniogopa. Ila siyo nyumba yake!

Wafula, nilikusemea kwa wakwe zako ulipokosa ulimi. Sasa nisemee kwa mke wangu: zile nyumba sita nilizomtangazia kwa simu, bado. Mwambie akishashiba.