Jembe la Jumapili

Bisibo, Biharamulo
3 Desemba 1978

Kaka Xavery,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi Adelfina na watoto? Huko Tabora mvua zimeanza? Mimi mwili ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno.

Nilikupigia simu ya maandishi tarehe 12 Novemba kwamba Baba amefariki. Sijui kama ilifika. Tulikusubiri siku mbili, tukazika. Alinyeshewa akizunguka nyumba hadi nyumba kukusanya maharage ya askari wetu walioko vitani. Nikamwambia, Baba, una miaka sabini, waachie vijana. Akaniambia vijana ndio hao wanaosubiri maharage. Kifua kikambana, siku tano tu, basi.

Padre hakuweza kuja, gari la misheni limechukuliwa na jeshi. Yaani Baba, katekista aliyezika watu wote wa hapa, yeye alisaliwa na mzee Sindayigaya, ambaye hana miwani na alishika kitabu juu chini. Baba angemwona, angemchapa.

Padre ameahidi Misa ya kumbukumbu baada ya Pasaka. Historia ya marehemu itasomwa siku hiyo, na watu wote wanasema asome mwanaye wa kiume. Njoo, Kaka. Jioni napika chakula cha watu wawili, halafu nakumbuka.

Mdogo wako,
Clotilda

Tabora
2 Januari 1979

Mdogo wangu Clotilda,

Marahaba. Pole sana kwa yote uliyobeba peke yako. Sisi hatujambo, mtoto wa mwisho tu ana surua lakini anaendelea vizuri.

Simu ilifika tarehe 20, Baba keshazikwa. Nililia, usidhani sikulia. Lakini kuja baada ya Pasaka siwezi kukuahidi. Hapa kazini kwetu reli ni vita tupu, mabehewa yote yanapeleka askari na mizigo yao Mwanza, likizo zimefutwa. Historia yake unaijua wewe kuliko mimi, uliishi naye. Mimi tangu mwaka 1974 sina la kumsemea.

Wifi yako anakusalimu.

Kaka yako,
Xavery

Bisibo
28 Januari 1979

Kaka Xavery,

Shikamoo. Mtoto amepona surua? Usimwogeshe maji baridi.

Vita usivisingizie, vita havikuanza mwaka 1974. Miaka minne hukumwandikia Baba hata mstari mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa kati yenu. Kila aliyetoka posta, Baba alimuuliza, "Hakuna cha Tabora?" Kisha anageuka kusaidia wengine kusoma barua za watoto wao. Kama una kinyongo, kiseme. Mimi si mtoto.

Watu wanakuja kunisimulia habari zake mpaka nachoka. Huyu alifundishwa kusoma na Baba kwenye kisomo cha watu wazima, yule alibebwa kwa machela hadi hospitali na Baba akiwa mbele. Wakiondoka wanafunga mlango, nabaki na kuku. Hakuna hata mmoja anayeniuliza kwangu mimi mwanawe alikuwa nani. Ni wewe tu ninayeweza kukaa nawe tukasema "Baba", siyo "Mwalimu" kama wanavyomwita wao.

Clotilda

Tabora
4 Machi 1979

Mdogo wangu,

Hatujambo, mtoto amepona. Natumaini na wewe u mzima.

Umetaka niseme. Haya. Walipokuja na amri ya watu wote kuhamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara, watu walisita. Nani aliyepanda juu ya nyumba yake akang'oa bati la kwanza ili wengine waone mfano? Baba. Nyumba aliyofia Mama! Na Mama mwenyewe tukamwacha kule migombani peke yake, kaburi halina hata ua wa miti. Nilimwambia, "Baba, tunamwacha na nani?" Akanijibu, "Wafu wako mikononi mwa Mungu, sisi tuna shule ya kujenga." Hakugeuka nyuma. Tangu siku ile najua moyo wake wote ulikuwa wa kijiji na wa kanisa, sisi tulipata makombo. Ni huyo huyo aliyenicharaza fimbo sita nikiwa na miaka tisa, eti nimepalilia karanga zangu siku ya Bwana.

Historia nimekuandikia, nimeiambatanisha. Amezaliwa 1908, amefundisha miaka thelathini na mitatu, Kanazi na Bisibo, amestaafu 1971, katekista hadi kufa, ameacha watoto wawili. Hakuna uongo ndani yake. Amsomee mtu mwingine. Siji.

Kaka yako,
Xavery

Bisibo
30 Aprili 1979

Kaka Xavery,

Shikamoo. Huku redio inasema vita vinakwisha, watu wanashangilia. Mimi nina habari nyingine.

Misa ilikuwa jana. Kanisa lilijaa hadi nje. Nikasimama mimi, nikasoma karatasi yako. Ikaisha upesi kuliko tangazo la mnada! Watu wakabaki wananitazama, nikaona aibu, nikarudi kukaa. Nilikukasirikia, nakwambia wazi.

Tulipotoka nje akaniita yule Msukuma Luhende, anayechunga ng'ombe kwenye mahame yetu ya zamani ng'ambo ya bonde. Si Mkristo, alikaa nje muda wote. Akaniuliza, "Dada, sasa kaburi la kule migombani atapalilia nani?" Nikamwuliza kaburi lipi. Akacheka, akidhani namtania. Kaka, kila Jumapili Baba akishamaliza kusalisha alivuka bonde na jembe begani. Mimi alikuwa ananiambia anakwenda kutembelea wagonjwa. Luhende anasema alipalilia, akazungushia ua wa miti, akakaa chini akaongea peke yake kwa Kisubi chetu cha nyumbani mpaka jua linashuka. Miaka minne, mvua na jua. Siku moja alimwambia Luhende asimwambie mtu, kwa sababu watu aliowahamisha wangesema, mbona yeye anarudi?

Nimekwenda leo asubuhi. Ni kweli. Magugu yameanza, lakini ua umesimama na pale alipokuwa anakaa pamechimbika. Baba! Na jembe! Siku ya Bwana! Nilicheka hadi nikaanza kulia, na hapakuwa na mtu wa kunishika mkono. Hiyo ndiyo historia yake, Kaka, na hakuna aliyeisoma.

Sikuulizi tena Misa, imepita. Njoo tu. Njoo tuongee.

Mdogo wako,
Clotilda

Bisibo
4 Julai 1979

Kaka Xavery,

Shikamoo. Miezi miwili hujajibu. Nilidhani mtoto amezidiwa, nikakuombea kila jioni.

Jana Luhende amekuja kuniletea maziwa. Kaniambia Jumapili kulikuwa na mtu mrefu kule mahameni, mwenye shati la reli, aliazima jembe kwake. Alipalilia kaburi, akarekebisha ua, akakaa pale pale Baba alipokuwa anakaa. Alilia sana, Luhende akaona haya kumsogelea. Jioni akarudisha jembe, akashukuru, akashika njia ya kuelekea stendi ya Biharamulo.

Kwa hiyo ulikuja. Treni hadi Mwanza, basi, na miguu juu yake, halafu ukaniacha ng'ambo ya bonde! Saa moja tu ya kutembea, Kaka. Siku hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage, sikuwa na shughuli yoyote. Labda uliona moshi wangu.

Nimefurahi kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya Baba pia. Najua umemsamehe, la sivyo usingekaa pale. Lakini umefanya kama yeye kabisa. Mnapeleka mapenzi yenu kwa siri huko kwa wasioweza kuwajibu, na mimi niliye hai mnanipita.

Sina hasira. Nina upweke tu, nakwambia kama ulivyo. Safari ijayo anzia nyumbani. Hata kama hutaki kuongea, ingia ukae, nitakupikia.

Mdogo wako,
Clotilda