Sababu ya Gauni Lililokubana

S.L.P. 318,
14 Mei

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi. Hujambo? Shemeji na wale pacha watundu wanaendeleaje? Huku tu wazima wa mwili, ila mimi mdogo wako sina uso wa kukutazama, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Uliandika kwamba gauni alilokushonea Baba Mkubwa limekubana kiunoni, ukamtania kwamba uzee umeanza. Si uzee. Alishona kwa vipimo vyako vya kabla ya pacha, akiamini hatakuwepo utakapokuja. Mimi ndiye niliyemwaminisha.

Unajua ini linavyomsumbua miaka yote hii. Mwezi wa pili daktari aliagiza damu yake ipimwe ile alama ya saratani ya ini, na sampuli ikafika mezani kwangu hapa maabara. Kawaida haizidi kumi. Yake ilisoma thelathini na nane. Kazi yangu ni kupima na kumpelekea daktari majibu, basi. Lakini kiherehere changu, Dada! Nilivua koti jeupe, nikaenda moja kwa moja dukani kwake, nikamwambia ni saratani.

Hakulia. Alimaliza nguo za wateja, akashona gauni lako, kisha cherehani akamgawia fundi wa jirani. Akatuapisha tusikwambie.

Wiki tatu zilipita ndipo akakubali kurudi kwa daktari. Picha ya ini haikuonyesha uvimbe wowote. Virusi vya homa ya ini ndivyo vilivyolichachamaza ini, na ini likichachamaa alama hiyo nayo hupanda. Tangu aanze dawa inashuka. Daktari aliniita pembeni akanikumbusha kwamba namba moja peke yake haimhukumu mgonjwa wa ini. Hutazamwa inavyokwenda, pamoja na picha. Hayo nilifundishwa chuoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Cherehani imerudi, lakini balaa halijaisha. Ini kama lile laweza kupata saratani kweli, kwa hiyo lazima apigwe picha kila miezi sita. Amekataa. Aliniambia, "Mwanangu, ulishanizika mara moja. Inatosha." Aliyasema kwa upole, nami nikalia mbele ya wateja wake.

Mimi hanisikilizi tena, na ana haki. Picha inayofuata ni mwezi wa nane. Nisamehe, kisha mpigie. Mwambie gauni halivaliki, na kwamba ukija Desemba unataka akupime yeye mwenyewe, si fundi mwingine.

Nisalimie Shemeji, uwabusu pacha. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako akupendaye, aliyefumba mdomo kwa kuchelewa.