Uraia wa Mwani na Senene

Jumatatu, 3 Juni

Nimemficha Koku jambo moja kwa miaka sita. Binti yangu anadhani kila asubuhi baada ya uji nasoma masomo ya misa kwenye simu. Sisomi. Natawala. Mimi ndiye Rais wa Jamhuri ya Ziwani, nchi isiyo na udongo, iliyomo kwenye mchezo wa mtandaoni wa mataifa. Raia mia mbili na kitu. Hakuna anayejua kwamba rais wao ni mwalimu mstaafu wa Ijuganyondo mwenye miguu iliyovimba.

Daktari kasema nisihesabu miezi. Basi naandika. Herufi kubwa, macho yamechoka.

Leo nimepitisha bajeti ya barabara. Nimeangusha hoja mbili. Uji umepoa.

Jumanne, 4 Juni

Rufaa tena. Mwani anaomba uraia urudishwe, wake na wa Senene. Niliwafukuza mwaka jana. Sheria ya mchezo iko wazi: mtu mmoja, uraia mmoja. Majina hayo mawili yalikuwa yakiingia kwa simu ileile, saa zilezile. Kwa hiyo ni mtu mmoja aliyepiga kura mbili. Niliandika hivyo, Bunge likakubali.

Ni kweli kwamba Mwani alikuwa ameleta muswada wa ukomo: rais vipindi viwili, basi. Mimi niko kwenye cha tano. Ni kweli pia kwamba ulipungukiwa kura mbili tu. Na iwe kweli. Nani aliyeandika katiba ya Ziwani? Mimi, ibara kwa ibara, kwa kidole kimoja. Nilifundisha uraia miaka thelathini na sita. Mihimili mitatu ya dola, chaki mpaka puani. Sikuwahi kushika hata mmoja. Niligombea uenyekiti wa mtaa mara moja, nikashindwa na muuza mkaa. Simwombi mtu radhi kwa kutawala vizuri.

Rufaa nitaikataa kesho.

Jumatano, 5 Juni

Mkono umenisaliti. Nilitaka kubonyeza kukataa. Kidole kikateleza, kikaangukia kupokea. Sasa rufaa iko mbele ya Bunge. Kwa ibara niliyoitunga mwenyewe, aliyefukuza lazima ajibu kwa maandishi kabla ya Jumapili jioni. Asipojibu, rufaa inakufa na hairudi tena.

Vema. Nitanyamaza. Hakuna kazi nyepesi zaidi kwa mtu wa hali yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Wanaukoo wamekuja kuuliza mrithi. Kibanja, shamba letu la migomba, nimempa Koku, mbele yao wote. Mdogo wangu Rwegasira akasema migomba ya ukoo haiendi kwa binti. Nikamwambia, "Aliyeniosha miguu ndiye atakayeipalilia." Akaomba kahawa ya kutafuna. Nimefurahi siku nzima.

Mlangoni akakumbuka salamu. Wale mabinti wa Muleba, waliotuhudumia mwaka jana msibani kwa binamu yetu, wananisalimu sana. Sipendi kuikumbuka Muleba.

Ijumaa, 7 Juni

Wabunge wanauliza niko wapi. Mmoja ameandika, "Rais kakimbia mtihani." Mimi. Niliyesahihisha mitihani mpaka wino ukaganda vidoleni. Niliandika jibu kali, nikalifuta.

Mwani naye ameandika kwenye ukurasa wa rufaa. Mistari mitatu. Hataki cheo. Muswada wake tuuache ulale. Anataka tu dada yake asiitwe kivuli: Senene ni mtu, yuko hapa jikoni, anakaanga maandazi na kuulizia kama rais amejibu.

Hasira. Sijui kwa nani.

Pumzi fupi. Koku ameniongezea mto.

Jumamosi, 8 Juni

Vibaya. Nimelala. Kahawa imeanikwa uani, harufu inaingia mpaka kitandani. Sikufungua simu.

Jumapili, 9 Juni

Koku aliporudi kanisani nilimwita aketi. Herufi za simu sizioni tena, na kidole changu sikiamini. Nikamwonyesha pa kufungua Ziwani. Akasoma, midomo ikicheza.

"Tata, huyu rais ni nani?"

"Yule anayesoma masomo ya misa."

Hakucheka papo hapo. Alipocheka, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Akauliza kama nchi yangu ina bendera. Inayo. Mgomba na mawimbi matatu. Akasema mgomba umepinda.

Kisha nikamwambia aandike nitakachotamka, asipunguze. Alipofika katikati aliacha kucheka. Alinitazama. Akaendelea kuandika.

Sikujiuzulu. Wakitaka kunitoa wapige kura, raia wote, na hao wa rufaa wakiwemo. Nitashindana nao nikiwa nimelala hivi hivi. Lakini jibu limetumwa, jua likiwa bado juu. Nalinakili hapa lilivyo.

Nilikuwa Muleba msibani. Niliketi kwenye nyasi, nyuma ya mabinti wawili wenye simu moja. Mmoja alipiga kura yake ya Ziwani, kisha akampa mwenzake simu. Akamwambia, "Shika, dada, piga yako. Mimi sikuangalii." Na kweli aligeuza uso, akatazama ukuta mpaka mwenzake alipomaliza. Yule wa pili akainuka, akaniletea maji ya kunawa, akasema shikamoo babu. Nikaitikia. Wiki mbili baadaye niliwafukuza.

Walikuwa wawili. Nilijua.