Kroshe ya mikro mu kamio ya tata Yumba

Kapata, Kolwezi, siku ya Mungu kisha kanisa

Mama yangu mupendwa,

Barua hii ikukute umeikala, si umesimama na mwiko mukononi. Mi niko muzima. Wewe je? Goti yako inakuacha ulale? Kikohozi ya Rebeka ilienda kabisa ao inarudia asubui? Mihogo ilikubali? Unijibu moja moja, Mama. Usiniandikie tu "tuko bazima" kama kawaida yako, juu hapa niko na nafasi mingi ya kuwaza mubaya.

Barua inakuja na ule mama mwenye kuuzisha samaki ya kukauka, anarudia Kabalo na treni. Kwa simu sikuweza. Kwa simu Rebeka eko pembeni yako, na hii habari haifai aisikie nusu nusu. Uliniuliza neno moja: "Clarisse, utakuja kumukamata mutoto wako, umupeleke kwako Kolwezi, siku gani?" Nitakujibu. Lakini ukipata jibu bila kujua namna ilitoka, utanikasirikia. Acha nianze kule mwanzo.

Chumba yangu ni ileile ya nyuma, mu nyumba ya zamani ya bafanyakazi ba kompani. Mwenye nyumba ni mutu ya amani, lakini hazungumuzi. Naweza kumaliza siku mbili bila mutu kuita jina yangu. Ku kazi bananiita "teknisie." Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, nafua nguo, naanika, naikala naziangalia zinakauka. Njo matembezi yangu. Siandiki hii juu ulie. Ni juu ujue namna gani neno moja ya upole iliniharibia macho.

Kazi yangu ni radio za makamio. Si radio ya habari na miziki, Mama, najua wewe unafikiri paka ile tu. Ni ile shofere anasemea na benzake banamujibu. Kila kamio yenye kubeba udongo ya shaba iko na moja mu tablo, mbele ya shofere, na mikro yenye kamba ya kujikunja kunja. Mi njo nafungua, natosha vumbi, naangalia kama batri inaleta nguvu, kama fizibu ya umeme haikuungua, kama antene kule juu haikushika kutu. Vumbi ya hapa inaingia hata mu kitu yenye ilifungwa na vis ine, ile misumari ya kuzungusha. Ile kuchomelea waya yenye kaka Kalenga alinifundisha ku simu za batu pale sokoni, njo inanilisha leo.

Sasa, mu kamio ya namba kumi na ine kuko shofere anaitwa tata Yumba. Ni mutu mukubwa, bibi yake alikufa, na shapele ya marehemu, ile rozari yake ya kusalia, anaitembeza mu kamio, imetundikwa pembeni ya mikro. Njia ya shimo ya Mutoshi, kule banachimba shaba, inatikisa sana. Kroshe yake, ile kichuma ya kutundikia mikro, ilikuwa imelegea, na mikro inamuangukia paka ku miguu, karibu na frein ya kusimamisha kamio. Siku moja akaniambia:

"Mwanangu, nisaidie. Hii kroshe iende upande huu, karibu na mukono. Shapele ya mama Yumba ibakie pale pake."

Mwanangu! Tangu nifike Kolwezi, hakuna mutu alikuwa ameniita vile. Nilitosha kroshe pa chuma kwenye ilikuwa, nikaifunga mbele, pa plastiki ya tablo, na vis mbili mupya. Nilikaza na moyo yote. Tata Yumba akaivuta, akacheka: "Hata ngombe akivuta, haitoki!" Kesho yake akaniletea mahindi ya kuchoma mu gazeti, ingali na moto. Nilikula nikisimama nyuma ya garaji, nikawaza wewe.

Kisha juma mbili matata ikaanza. Ya Nadine, ule dada mukubwa mwenye kuita makamio na radio pale santrale, ofisi ya kuongoza makamio yote, anaita kumi na ine: kimya. Anaita tena: kimya. Tata Yumba akifika, banamuuliza, anasema hakusikia kitu. Mara ya kwanza balimusamehe. Bashofere benzake bakapata muchezo.

"Tata Yumba, shuka tukuwekee antene ku kichwa!"

"Mumuache, ule anasikiaka paka saa ya kula!"

Alicheka pamoja nabo. Lakini iko saa ya kupasua mawe na baruti, na santrale inaita makamio yote yasimame. Siku moja yote ikasimama, kumi na ine ikaendelea tu, mpaka mulinzi akakimbia mbele yake na kitambaa nyekundu. Mungu alisaidia, alikuwa angali mbali na baruti. Siku ile hakuna mutu alicheka.

Shef Mwepu, mukubwa wetu wa garaji, akanituma nipime radio. Nikapanda mu kamio pale garaji, nikaweka kanale ya santrale, ile njia yake ya sauti, nikashika mikro mukononi: "Santrale, unanisikia?" Ya Nadine akajibu: "Nakusikia kama uko hapa ndani." Batri muzuri. Fizibu muzima. Nilipanda mpaka juu, nikasugua chini ya antene, nikapima: hakuna mubaya. Nikaandika pa fishi, karatasi ya kazi, "Radio iko muzuri," nikatia signature. Shef akasoma, akasema, "Basi ni mutu njo mubaya." Barua ya kumufukuza tata Yumba ikaandikwa, apewe siku ya tano ya juma.

Mama, ile signature ilikuwa yangu. Nililala nayo kama jiwe chini ya mugongo. Na ile juma pia shef alikuwa ameniambia esei yangu, ile muda ya kujaribiwa, inaisha, na kontra ya kuniingiza ku kazi kabisa iko tayari pa meza yake. Kontra njo ile tulikuwa tunangoja wewe na mi: mapumuziko ya kusafiri, na ruhusa ya kuikala na mutoto mu nyumba yenye iko na mulango mbili. Kwa ile kontra njo niliahidi kuja kumukamata Rebeka mbele ya mvua.

Siku ya ine asubui, kesho yake njo apewe barua, nikaomba shef nipande na tata Yumba, nipime antene wakati kamio inatembea. Akasema, "Poteza tu wakati yako." Tukaenda. Tata Yumba akaniuliza pole pole, bila kuniangalia:

"Clarisse mwanangu, niambie kweli. Ni masikio?"

"Sijui, tata."

"Juu kama ni masikio, nitaacha mi mwenyewe. Nisingoje kuua mutoto ya mutu."

Kule mu shimo alizungumuza na radio na mwenye mashini ya kupakia, akarudisha mikro pa kroshe muzuri kabisa, tukatoka na muzigo. Radio kimya. Na mi, nikuambie kweli, ile kimya nilianza kuipenda, nikaegemeza kichwa. Njia ikatutupa mu kilima ya mashimo. Mikro ikaruka pa kroshe, ikaanguka, mugongo yake ikagusa chuma ya kiti. Taa ndogo ya kijani ikaanza kukonyeza, na sauti ya Ya Nadine ikajaa mule ndani:

"Kumi na ine! Kumi na ine! Tata Yumba, unajibu ao nikuje nikuvute masikio? Ni mara ya tano!"

Alifunga frein, tukaangaliana. Nilinyanyua mikro pa chuma: taa ikasimama, kimya. Nikairudisha: taa, sauti. Nikajua mbele ya kuwaza.

Nikuelezee, si nguvu. Hizi radio zinasikiliza kanale mbili, ya santrale na ya shimo. Inaruka yenyewe, huku na kule, na ile taa inakonyeza. Ukitosha mikro pa kroshe, radio inasema moyoni: mukubwa wangu anataka kusema. Inasimama pale pale iko, haiangalii tena upande ingine. Ukirudisha mikro, inaanza tena kuzunguka. Inajua namna gani kama umeirudisha? Mugongo ya mikro iko na kifungo ya chuma, inagusa kroshe, kroshe inagusa chuma ya kamio. Ni vile tu. Na mi nilitosha kroshe pa chuma nikaifunga pa plastiki! Tangu ile siku radio ya tata Yumba ilikuwa inafikiri anataka kusema. Akimaliza maneno ya shimo, inabakia paka ku shimo, inamungoja. Santrale inaweza kulia mpaka magaribi. Na siku nilipima, niliweka mi mwenyewe kanale ya santrale, mikro mukononi. Nilipima kila kitu, kasoro ile yenye niliharibu.

Nilitafuta waya, nikaunga kroshe na chuma pale chini ya tablo. Ilimaliza muda ya kunywa chai. Tata Yumba alikuwa ananiangalia kazi.

"Andika tu waya ilikatika leo na mutikisiko," akasema. "Weko na mutoto."

"Nikiandika leo, fishi ya juma yenye ilipita inabakia. Inasema radio ilikuwa muzuri. Basi wewe njo mubongo, mutu ya kudanganya."

"Mi nimeisha kuwa muzee, mwanangu."

"Tata, nyamaza. Endesha."

Nilimusemea vile, Mama, mutu mukubwa kama baba. Nilikuwa nikilia, njo maana sikuangalia adabu. Aliwasha kamio.

Pa ofisi niliandika fishi mupya. Nikaandika: kroshe niliihamisha mi mwenyewe, bila kuuliza, nilipima mubaya, tata Yumba hakusema bongo. Shef Mwepu akasoma mara mbili.

"Unajua kile umeandika?"

"Najua, shef."

"Kama ile siku angefika pa baruti?"

Shef akakamata barua ya tata Yumba, akaipasua katikati. Kisha akakamata kontra yangu, hakuipasua, akaitia mu tirware, sanduku ya meza yake, akafunga na funguo. "Hii itakungoja. Unaanza tena esei yako ku mwanzo." Hakupaza sauti. Angepaza, ningevumilia muzuri zaidi.

Basi jibu yako ni ile, Mama. Sitakuja mbele ya mvua. Esei inaanza mupya, hakuna mapumuziko, hakuna ruhusa ya mutoto. Najua Rebeka amefunga nguo zake mu kikapo, uliniambia. Usizifungue wewe. Umuache azifungue yeye mwenyewe, siku anataka. Na nakuomba kwa heshima, lakini nakuomba kwa nguvu: usimudanganye kama nitakuja juma kesho. Umuambie mama yake aliharibu kitu ku kazi, na anaitengeneza, inaomba wakati. Mutoto ya miaka tano anaelewa kitu ya kuharibika.

Kazi inaendelea. Tumefungua makamio yote. Mbili tulikuta mikro imefungwa juu na kipande ya shambrere, mupira ya ndani ya gurudumu ya pikipiki, juu ya mutikisiko, na kroshe iko tupu. Sasa kila asubui nasimama pa mulango ya garaji: "Mikro pa kroshe yake! Angalia taa!" Bananiita Mama Kroshe. "Mama Kroshe, kofia yangu naweza kuitundika?" Nacheka nabo. Tata Yumba angali ananiita mwanangu, na kila juma kuko mahindi. Baba ya Rebeka, usiniulize. Kimya yake ni ileile.

Usalimie kaka Kalenga, mwalimu yangu wa kuchomelea. Umuambie mwanafunzi wake aliona haya lakini hakufukuzwa. Usalimie mama mudogo, ndugu yako wa kwaya, sauti yake naikumbuka kila siku ya Mungu. Usalimie jirani mwenye pompi ya maji, mwenye alimubeba Rebeka mugongoni siku nilipanda treni. Mungu amulipe, mi sikuweza kugeuka kuangalia.

Rebeka tu, usimupe salamu yangu.

Nimewaza sana, Mama. Kila nikipiga simu namushikia mikro: umekula nini, unaendea masomo, unanipenda, sema na mama. Nasema, nasema, mikro hairudi pa kroshe, na yeye simusikie. Yeye anakimbia chini ya meza, na wewe unamuvuta mukono, "Ongea na mama yako!" Usimuvute tena. Siku ya Mungu yenye inakuja, nitapiga kisha kanisa. Fungua simu, uiweke chini pa mukeka kwenye anacheza, uende mu mihogo yako. Usimuambie ni nani. Mi sitasema kitu. Nitasikia anavyopika udongo wake mu makopo, anavyogombeza kuku. Kama atauliza nani eko mule ndani, atauliza. Kama hatauliza, nitasikiliza mpaka unite zote, ile feza ya simu, ziishe.

Ni mi mutoto yako, mwenye kukukumbuka mbele ya kila chakula,

Clarisse, mama Rebeka