Karo ya Mwaitu

Soko la Tulia,
Kaunti ya Kitui.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Nzomo,

Pokea salamu zangu za mapenzi, nikitumaini huko Doha umeamka vizuri na joto halijakumaliza. Sisi huku ni wazima, Mungu bado anatuangalia. Goti langu la kukanyaga cherehani hulalamika asubuhi, lakini nikishashona nguo mbili tatu linanyamaza. Na mgongo wako je? Usiniambie ati ulilala vibaya. Mtu halali vibaya mwaka mzima.

Najua umeshangaa kupata barua. Kwani simu imeharibika? Haijaharibika. Shida ni wewe. Nikikupigia niseme jambo la maana unanikatiza, "Sawa Muthoki, usijali Muthoki, nitatuma," halafu mtandao unapotea nikiwa bado na mdomo wazi. Barua huwezi kuikatiza. Utaisoma mpaka mwisho, mimi ni dada yako mkubwa.

Anayekuletea ni Faki, mtoto wa Mzee Khalid wa duka la vitambaa pale Kitui mjini, ninakonunua kitambaa cha yunifomu. Amepata kazi huko na hajawahi kutoka nje, kwa hivyo mwonyeshe mahali pa kununua chakula. Nimempa kilo mbili za ndengu zako. Mamake, Esha, aliniuliza kama Waarabu hawana ndengu. Nikamwambia wanazo, lakini hazijatoka shamba letu.

Mvua ilikuja vizuri, kisha ikakatika kabla mahindi hayajakomaa, unajua tabia yake. Ndengu ndizo zimetuokoa. Kaloki amevuna mpaka akaanza kupiga mluzi, na mume wangu huyo unamjua, maneno yake ya siku nzima yanaweza kuenea kwenye kijiko.

Sasa tukae chini, ndugu yangu. Ni kuhusu karo ya Syokau.

Karo ya chuo kikuu siku hizi si ile tuliyokuwa tukisikia zamani. Kila muhula una kitu kipya cha kulipiwa: hosteli, chakula, kompyuta, sijui nini cha mtihani. Tulipoomba msaada wa serikali tukaonekana watu wa kujiweza, ati nyumba ni ya mawe na mjomba yuko ng'ambo. Hiyo nyumba ni ya jasho lako, na ndiyo imetuponza. Basi ulipopiga simu Krismasi ukasema, "Mwambie mwaitu asome, nitatia sahihi miaka mingine miwili," nilipiga magoti pale pale jikoni. Nilikuwa nishatangaza kanisani. Huko siku hizi hakuna anayeniita Muthoki, ni Mama Injinia, na mimi naitika haraka kuliko nikiitwa jina langu.

Na wewe na hilo neno lako, mwaitu! Mama ametoka kuzikwa, wewe ukiwa bado kijana wa shule ya msingi, nikamzaa huyu msichana tukampa jina la mama. Tangu siku hiyo hujamwita Syokau. Ni mwaitu tu, mama yetu. Alikuwa bado ananyonya, nawe unamwamkia kwa heshima kama mtu mzima. Mshahara wako wa kwanza ulimnunulia leso. Mtoto wa darasa la pili na leso mbili! Tulicheka sana, lakini niliona macho yako, na nilijua kwako si mchezo.

Baada ya Krismasi alienda Sultan Hamud kumsaidia mke wako Nzisa kwa hoteli yake. Aliporudi alikuwa kimya. Nikadhani ni homa. Kumbe huko alijua mambo uliyotuficha. Ati unavaa mshipi wa kukaza kiuno ndio uweze kubeba maboksi ghalani, na ukirudi unalala sakafuni. Ati mkataba uliisha mwaka jana na tiketi ya kurudi ilikuwa tayari, ukaiacha ukatia sahihi mwaka mmoja zaidi kwa sababu ya karo. Sisi ulituambia ni kampuni imekung'ang'ania. Nzomo, nani alikufundisha kudanganya hivyo? Nzisa alimweleza akicheka, huku akigeuza chapati. Syokau asema hicho kicheko ndicho kilimshinda.

Basi jioni moja tukiwa mezani akasema ameacha chuo kikuu. Amepata nafasi katika chuo cha ufundi hapa Kitui, diploma ya umeme, atakuwa akienda akitokea nyumbani, na karo yake mimi na babake tunaiweza. Nilichapa meza mpaka sahani zikaruka. Nikamwambia, mjomba wako anaungua jua kwa ajili yako, nawe unatupa digrii kama maganda ya ndizi? Ala! Nilisema mengi, mengine siyarudii hapa.

Alingoja nikaishiwa na pumzi. "Mama," akasema, "huyo mtu ananiita mwaitu tangu nizaliwe. Kama ni kweli mimi ni mamake, basi mimi ndiye wa kumwambia arudi nyumbani. Ni mama gani anakaa darasani mwanawe akivunjika mgongo?"

Nikamgeukia Kaloki anisaidie. Kaloki akainuka na sahani yake, akaelekea nje. Desturi yetu unaijua, mkwe hali mbele ya mama mkwe. Miaka yote amekula na huyo binti yake sahani moja, leo ndio anakumbuka ana jina la mama mkwe! Alipofika mlangoni akasema, "Mama mkwe amesema. Mimi ni nani nimpinge?" Nilitaka kumrushia mwiko. Halafu nikaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kilio, nikalia mpaka Syokau akaja akanishika mabega.

Sikudanganyi, niliumia, na bado naumia. Nilikuwa nishaiona ile kofia ya kuhitimu kichwani mwake. Ovaroli yake ya chuo cha ufundi nilimshonea mwenyewe nikiwa na hasira, mfuko mmoja ukapanda juu kuliko mwenzake. Ameivaa hivyo hivyo. Jumamosi alitengeneza taa ya kanisa ambayo imekufa tangu mwaka juzi, na Mama Ndila wa kwaya akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza. Nikamjibu kabla hajauliza, injinia wangu ameanzia kwa waya. Syokau anasema akipata kazi atarudia digrii kwa pesa yake mwenyewe. Polepole ndio mwendo.

Kwa hivyo, Nzomo, mkataba ukiisha mwezi ujao, usitie sahihi. Nakuomba. Usitie.

Najua unaogopa kurudi mikono mitupu, watu waseme alienda Uarabuni akarudi na begi moja. Waache waseme, mdomo ni nyumba ya maneno. Hapa hakuna anayengoja sanduku. Nzisa ameweka viti vingine vinne kwa hoteli na hana mtu wa kumsaidia kubeba maji wala wa kuongea naye akifunga. Hajui kama nakuandikia, ukimwambia nitakataa. Kazi tutaitafuta ukiwa umelala kitandani kama watu, na huo mgongo umekandwa na maji moto.

Miaka hii yote nikikutumia ujumbe, mwisho wake huwa namba ya kulipia. Na ukishatuma, mimi hujibu "imefika", basi. Leo hakuna namba. Leo nasema asante, ndugu yangu. Ulinisomeshea mtoto, ukanijengea nyumba, ukabeba nisichokuwa nikikiona. Asante sana. Inatosha.

Kaloki anakusalimia, kwa neno moja kama kawaida. Esha na Mzee Khalid wanakusalimia, na watu wote wa kanisa. Binamu yetu Kitheka wa Mtito Andei amekutengea mbuzi, na anasema huyo mbuzi anazeeka. Bwana akutangulie njiani, aulegeze huo mgongo, akulete ukiwa mzima.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako,
Muthoki.

Ngoja, usiikunje bado. Syokau amenipokonya kalamu, ati hapa chini ni kwake.

Nzomo mwanangu, umefanya kazi ya kutosha. Njoo nyumbani ule.
Mwaitu.