Grafu ya Maji

Shoga, uko wapi? Nimetoka kikao cha wapangaji sasa hivi.

Msimamizi wa nyumba kabandika grafu ya maji ukutani. Chini vyumba vyetu, pembeni idadi ya ndoo kwa mwezi. Nguzo yangu imepaa, za wenzangu zinatambaa! Eti, "Mwenye wageni kila siku ahame." Ahame! Mbele za watu!

Nikasogea karibu. Shoga, namba za pembeni hazikuanza na sifuri, zimeanza na tisini! Wenzangu tisini na moja, mimi tisini na tano. Ndoo nne tu!

Nikamuuliza, "Kaka, tisini za chini umezificha wapi?" Akaibandua karatasi mbio mbio.

Huyu keshamwahidi mtu chumba changu, nakwambia. Jumamosi njooni wote, na muoge hapa hapa.